Mtu Niliyemvua Glavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, dirisha na amri moja: nisiguse kitu. Nikakaa hivyo kutwa nzima, mikono mapajani kama bi harusi, nikimtazama Mzee Singh akimtia marehemu mmoja wa pichani mwanga ndani ya jicho kwa brashi yenye ncha ya unywele. Jioni akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kukaa. Akacheka, akasema wengi huchukua miezi sita kufika hapo.

Ninyi vijana wa studio mmenishikilia niandike kabla sijasahau, basi naandika. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wenye navyo. Mimi nitawaeleza kosa langu kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na kwa sababu hata leo nikilikumbuka moyo unanienda mbio, kwa aibu kidogo na kwa furaha nyingi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimetoka Unguja juzijuzi, naishi kwa dada yangu Alum Rock, Birmingham, Uingereza, na studio ilikuwa Handsworth, mtaa wa pili nyuma ya Soho Road. Kazi yenyewe niliipata kituo cha basi. Nilikuwa namlalamikia dada yangu kwa Kiswahili kwamba baridi hii si ya binadamu, mlango wa duka nyuma yetu ukafunguka, akatokea Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na koti lenye madoa ya dawa, akasema, "Hii baridi bado mtoto, dada. Ngoja January." Ndiye Mzee Singh, mzaliwa wa Nakuru. Tangu ahamie Birmingham alikuwa hana wa kumgombeza kwa Kiswahili, nami nikajaza nafasi hiyo.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza picha zilizoharibika. Watu wa Handsworth walikuja na picha walizotoka nazo kwao, Punjab au Jamaika, zimekunjwa mara nne ndani ya Biblia au ndani ya soksi, wakitaka zirudi upya. Wengine walitaka baba aliyebaki kijijini aketishwe katikati ya wanawe waliokuwa huku. Wengine walitaka mtu aondolewe, na hao ndio waliokuwa na haraka zaidi. Waume walioachwa tulikuwa tukiwageuza mitungi ya maua. Nadhani nyumba za Handsworth mpaka leo zina mitungi mingi ya maua isiyo na maelezo.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: brashi namba sifuri, rangi za maji nyeusi na nyeupe, pamba, kioo cha kukuzia, na kisu cha kukwangua ambacho Mzee Singh alikitengeneza kwa wembe na kipande cha penseli. Ncha ya brashi tuliichongoa kwa ulimi. Nimelamba rangi miaka mingi, na daktari wangu kila akinipima hushangaa nina nini, nami simwambii.

Sheria ilikuwa moja, na Mzee Singh aliisema kila asubuhi akivua koti. "Zuhura, original hapana gusa. Piga copy kwanza, fanya kazi juu ya copy. Copy ikiharibika, mimi nacheka. Original ikiharibika, mimi nalia, wewe nalia, mwenye picha nalia."

Ninyi mkikosea mnabonyeza kitufe, mnarudi nyuma. Kisu hakina kitufe.

Mama Verna aliingia dukani majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili. Wenzake wa hospitali, alikokuwa msaidizi wa wodi, walimwita Miss Verna, lakini mimi nilishindwa kumwita mtu wa rika la mama yangu kwa jina tupu. Alitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibiani. Alivaa kofia ya kanisani siku ya Jumanne, na alishika bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na picha ya timu: wanaume kumi na mmoja weusi mbele ya ukuta wa kiwanda cha sukari, waliosimama nyuma, waliochuchumaa mbele. Doa kubwa la chai lilikuwa limepita katikati mpaka pembeni, na mkunjo ulikuwa umewakata watatu viunoni.

"Huyu ndiye kaka yangu Wilmot," alisema, akamwonyesha mmoja mrefu aliyesimama pembeni. "Hii ndiyo picha yake pekee iliyobaki duniani."

Kisha akatueleza. Wakati wa ujana wake, kila msimu wa miwa, meli iliwachukua wanaume wa visiwa vyao kwenda kukata miwa Jamhuri ya Dominika. Wilmot alikwenda na miaka kumi na tisa, mashati mawili na kigongo cha kriketi. Kule wenyeji waliwacheka kwa Kiingereza chao na makanisa yao, na wao Jumamosi wakacheza kriketi yao nyuma ya kiwanda. Lakini nchi ile ina kichaa kimoja tu nacho ni besiboli. Kila kiwanda kilikuwa na timu yake, na mtu akipiga mpira vizuri alipewa kazi nyepesi. Polepole watu wa visiwani wakaanza kuingia katika timu hizo, na watoto wao ndio hasa walioupokea mchezo.

"Na mimi nina mtoto mmoja huko," alisema, na hapo sauti yake ikapanda. "Ramón, mtoto wa Wilmot. Wamarekani wamemchukua. Anacheza ligi zao ndogo, na Aprili hii huenda akapandishwa ligi kuu."

Alituhadithia kwa joto hata Mzee Singh akaacha brashi ikakauka. Zamani mtu mweusi hakuruhusiwa ligi kuu za Marekani hata awe na mkono wa dhahabu. Wadominika weusi waliokuwa mabingwa walizeekea viwanda vya sukari na ligi za kwao. Baada ya vita kuu mlango ukafunguliwa, na katikati ya miaka ya hamsini Mdominika wa kwanza akapita. Miaka kumi baadaye walikuwa wanapita kwa makundi, vijana waliojifunzia mashambani kwa fimbo ya muwa na mpira wa matambara, na viwanja vizima vya Marekani vinasimama kuwapigia makofi. Alipofika hapo Mama Verna alisimama mwenyewe, akauweka mwavuli begani, akauzungusha kwa nguvu na kuangusha fremu tatu za maonyesho. Nikajisemea moyoni, maskini, bibi wa watu hajui hata namna ya kushika kigongo.

Hapo ndipo mnijue nilivyokuwa. Kaka yangu alikuwa akicheza kriketi Mnazi Mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia mikimbio yake kwenye daftari. Nilijiona profesa.

Wilmot alikufa kwa ajali kiwandani kabla Ramón hajaota meno. Miaka michache baadaye kimbunga kikachukua nyumba na kila karatasi iliyokuwa ndani. Mama yake Ramón alimkuza akimwambia kwamba baba yake alikuwa mpigaji wa timu ya kiwanda, mmoja wa watu wa visiwani wa kwanza kushika kigongo cha besiboli. Lakini wazee wa kiwandani kila wakisikia hilo walicheka. Baba yako, walimwambia, alijua kriketi tu, mama yako anakupamba. Ramón sasa alikuwa amemwandikia shangazi yake barua. Hakuomba pesa wala nguo. Aliuliza kama ana picha ya baba yake, na kama lile neno ni kweli.

"Naitaka ifike kabla ya siku ya kwanza ya ligi," Mama Verna alisema. "Aingie uwanjani akimjua."

Mzee Singh akanikabidhi mimi kazi hiyo, ndiyo kazi yangu kubwa ya kwanza, kisha akaenda harusini London siku tatu. Nilipiga nakala kama sheria inavyotaka. Ikatoka mbaya: doa la chai, ambalo kwenye picha yenyewe lilikuwa kahawia nyepesi, kwenye nakala lilikuwa jeusi tii. Nikapiga ya pili, vile vile. Jumamosi Mama Verna angekuja. Nikafikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikoniponza: nikilifunika doa kwenye picha yenyewe kwanza, nakala itatoka safi. Nikachukua brashi.

Mkononi mwa Wilmot doa lilikuwa limekula kitu alichokiegemeza begani, umebaki mpini tu. Mpini naujua, nikasema, na mwavuli wa Mama Verna nikawa nimeshausahau. Nikamchorea kigongo cha kriketi, kile bapa, kizuri, chenye kivuli na mstari wa katikati. Jirani yake aliyechuchumaa alikuwa na mkono mmoja umevimba, kitu cheusi kinene kama mkate. Kwenye kriketi wanaodaka hudaka kwa viganja vitupu, isipokuwa yule wa nyuma ya vijiti vinavyolengwa na mpira, naye huvaa glavu mbili. Basi nikaona huyu jamaa alitikisika wakati wa kupigwa picha, ukungu umemharibu mkono. Nikamhurumia. Nikachukua kisu nikaukwangua uvimbe wote mpaka kwenye karatasi nyeupe, kisha nikamchorea vidole vitano vya kupendeza. Niliimba nikifanya kazi ile.

Mzee Singh alirudi Ijumaa jioni akaiona nakala niliyoipiga baada ya hapo. Akaitazama kwa kioo, akaguna kwa kuridhika. Naye Nakuru alikuwa mtu wa kriketi. Hakuna mtu katika duka lile aliyewahi kuona mchezo wowote mwingine wa kigongo, ukiacha hoki.

Jumamosi Mama Verna alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akautazama uso wa kaka yake muda mrefu. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa, na lile pengo la meno." Kisha kidole kikashuka.

"Na hiki?"

"Kigongo, Mama Verna. Kilikuwa kimeliwa na doa, nimekitengeneza."

"Mwanangu," alisema taratibu, "umempa kriketi." Kidole kikahamia kwa jirani. "Na huyu alikuwa na glavu ya ngozi. Amekwenda nayo wapi?"

Mzee Singh alinyoosha mkono bila kunitazama. "Zuhura, lete original."

Sikuondoka nilipokuwa. Akageuka, akaniona, akajua. Nilitamani sakafu ifunguke ingawa najua chini yake kulikuwa na stoo ya makaa.

Mama Verna hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Wazee wale watamwonyesha kidole," alisema. "Watasema, tazama, hata picha ya shangazi yako imesema kriketi. Kaka yangu amekwisha kufa mara moja."

Nilidhani Mzee Singh atanifukuza pale pale. Badala yake aliligeuza bango la mlangoni likasoma kwamba tumefunga, ingawa ilikuwa bado saa sita mchana na siku ya biashara, akakunja mikono ya shati. "Kigongo ulichora na rangi gani?"

"Ya maji."

"Na mkono wa huyu?"

"Kisu."

Akafumba macho. "Basi mkono umekwenda. Kigongo bado. Mama, wewe kaa. Leo hapana mtu naenda nyumbani."

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo kazi ilipo. Pamba ililoweshwa, ikakamuliwa mpaka ikawa karibu kavu. Haisuguliwi, inaviringishwa, mara moja tu, kisha inatupwa, inachukuliwa nyingine. Alinifanyisha mimi. Nilijaza kikapu kizima. Kigongo changu kizuri kikaondoka tabaka kwa tabaka, na chini yake likarudi lile doa la chai, na ndani ya doa kivuli tu, hakisomeki. Mama Verna alisogeza kiti.

Mzee Singh akaenda kabatini akaleta kipande cha kioo cha manjano na boksi la filamu ya aina nyingine, ile inayoona rangi zote. "Chai ni manjano," alisema. "Kioo ni manjano. Ukitazama manjano ndani ya manjano, unaona nini?" Akakifunga kioo mbele ya lenzi. Nilikaa mwaka mzima karibu na kabati lile na sikuwahi kuuliza kioo kile cha nini. Mkiona kitu rafuni hamkijui, ulizeni.

Filamu tuliisafisha, tukaikausha kwa feni, na saa tisa tuliingia watu watatu katika chumba cha giza kilichojengwa kwa ajili ya mtu mmoja na nusu. Taa nyekundu. Mzee Singh akaitia karatasi ndani ya trei ya dawa, akaanza kuitikisa. Mwanzo nyeupe. Kisha kofia. Kisha yale meno yenye pengo. Doa la chai halikuja. Nilikuwa nalisubiri na halikuja, na mahali pake, begani kwa Wilmot, kikaanza kupanda kitu kirefu, cha mviringo, kinene juu na chembamba mkononi, kama mchi wa kutwangia. Kikakolea, kikakolea, mpaka ukaona mistari ya mti. Mama Verna alikuwa ameambiwa asiguse kitu, basi akanishika mimi shingo, akaanza kuruka. Chupa zote rafuni ziligongana. Mzee Singh akasema kwa Kipunjabi neno ambalo mpaka leo sijui maana yake, na nadhani ni afadhali.

Barua ya kuungama niliandika mimi. Mama Verna ndiye aliyesema niandike kwa mkono wangu, niseme yote, pamoja na kwamba jamaa aliyechuchumaa alikuwa na glavu na sasa hana, na nani kamvua. Tukaiposti pamoja na picha Jumatatu.

Tukaanza kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa kazi nyingine. Maktaba kuu mjini walikuwa wakipokea gazeti moja la Marekani, linafika limechelewa wiki nzima na zaidi. Kila Jumamosi baada ya kufunga, sisi watatu tulipanda basi kwenda kusoma matokeo yaliyochapwa kwa herufi ndogo kama chawa. Tulichukua kioo cha kukuzia cha dukani. Tulijifunza mchezo wote kwa tarakimu kabla ya kuuona hata mara moja, na kwenye mlango wa chumba cha giza Mzee Singh akabandika orodha ya Wadominika wote tuliowakuta katika ligi kuu. Kila wiki iliongezeka. Dada yangu alinidhani nina mchumba mjini.

Siku jina la Ramón lilipotokea katika mstari wa timu kubwa, nililiona mimi kwanza. Nikaliwekea kidole. Mama Verna alipiga ukelele ambao maktaba ile haijausikia tena. Mhudumu akaja kwa hasira akamwomba anyamaze. "Bwana," alimwambia, "huyu ni mpwa wangu." Yule mhudumu akasimama, akainama, akaomba kioo naye aone.

Kifurushi kilifika mwezi wa sita, kwa anwani ya studio. Juu kulikuwa na barua, na Mama Verna akanipa nisome kwa sauti kwa kuwa yeye macho yalikuwa yameshajaa. Ramón aliandika kwamba amesimama mbele ya kioo na picha mkononi. Kwamba yeye huegemeza kigongo begani vile vile, na kiwiko kimeinuka vile vile, na makocha wawili wamejaribu kumtoa tabia hiyo wakashindwa, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. "Sasa, shangazi, najua nimeipata wapi. Nakala nimewapelekea wazee wa kiwandani. Wameitazama sana. Mmoja wao ameniomba radhi, na mmoja amelia, kwa sababu amejiona yeye mwenyewe kijana, wa pili kutoka kushoto, na alikuwa amesahau."

Mara mbili nilikatiza kusoma. Sisi sote watatu tulilia, kama Mzee Singh alivyoahidi, ila si kwa sababu aliyoisema.

Chini ya barua, ndani ya gazeti, kulikuwa na glavu. Ngozi yake ilikuwa imeiva kwa jasho na mafuta, mshono mmoja umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa na karatasi yake: "Kwa dada aliyemponya yule mzee mkono. Hii ni glavu yangu ya kwanza ya kweli. Kabla yake nilitumia boksi la maziwa. Itazame vizuri, halafu mrudishie ya kwake."

Nikaingiza mkono. Vidole vyangu vilikaa mahali palipokwisha chimbwa na vidole vya mtoto wa mbali aliyedaka mipira mpaka ngozi ikamzoea. Niliiweka kwenye meza karibu na dirisha wiki mbili, nikaichora kutoka kila upande, nikaharibu nakala tisa za picha ile. Mzee Singh alicheka kwa kila moja, kwa kuwa zilikuwa nakala. Ya kumi aliitia ndani ya bahasha.

Nimetengeneza picha miaka mingi tangu siku zile. Mzee Singh ametutoka, mashine zenu zimekuja, na brashi namba sifuri siku hizi inahifadhiwa kama ushanga wa kale. Glavu nawaachia juu ya rafu, pale juu ya kompyuta. Kabla hamjamsahihisha mtu aliye pichani, ishusheni, ingizeni mkono, mjiulize mnajua nini.

Nakala ile ya kumi Mama Verna alikuja kuichukua akitoka zamu, bado ana sare ya hospitali. Alimtazama Wilmot kwanza, kama kawaida. Kisha akamtazama yule jamaa asiyejulikana jina, aliyechuchumaa kando yake na glavu yake mkononi, akamgusa kwa ncha ya kidole.

"Haya, baba," alimwambia. "Sasa daka."